Kiwanja chako, hela yangu: nyumba ya kupangisha ya watu wawili

Ubia mwingi wa nyumba za kupangisha Dar es Salaam huanza hivi. Mmoja ana kiwanja Goba, Chanika au Kigamboni, kimekaa miaka kinaota nyasi. Mwenzake ana hela, lakini akinunua kiwanja kwanza, hela ya kujengea haipo tena. Wanakaa, wanapiga hesabu nyuma ya risiti: nyumba sita ndogo kwenye jengo moja, kila moja chumba na sebule, choo ndani, jiko la kujibana; kodi laki na nusu kwa mwezi; jumla laki tisa. "Tugawane nusu kwa nusu." Wanapeana mikono. Kosa la kwanza limeshafanyika hapo, na uaminifu wa mtu haujahusika kabisa.

Hakuna kilichopewa bei. Kiwanja ni shilingi ngapi? Muda wa atakayeshinda na mafundi juani ni shilingi ngapi? Gharama zikipita bajeti, zilizopita ni za nani? Mmoja akitaka kutoka mwaka wa nne, anatoka na nini? Maswali haya hukwepwa kwa sababu yanasikika kama kumshuku mwenzio. Mbia mwizi hushikwa mapema, kila mtu akajua la kufanya. Wanaofikishana Baraza la Ardhi na Nyumba mara nyingi ni watu wawili waaminifu, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na hesabu zote mbili zina mantiki.

Bei ya kiwanja

Chukua mfano ambao tutakwenda nao hadi mwisho. Kiwanja kina thamani ya milioni 24. Ujenzi umekadiriwa milioni 72. Jumla milioni 96, kwa hiyo mwenye kiwanja ana asilimia 25 na mwenye hela ana 75. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja ana milioni 48, maana yake mwenye hela amempa mwenzake zawadi ya milioni 24. Zawadi si dhambi. Huenda mwenye kiwanja ndiye atakayesimamia kila kitu kwa miaka kumi na zawadi hiyo ni halali yake. Lakini iandikwe kuwa ni zawadi, na ni kwa ajili ya nini.

Bei inayotumika ni ya siku ya makubaliano. Mwenye kiwanja hatarudi na bei mpya barabara ikishatiwa lami, wala mwenye hela hatang'ang'ania bei ambayo kiwanja kilinunuliwa zamani kikiwa shamba la mihogo. Mthamini aliyesajiliwa akiandika ripoti, itawafaa tena siku ya kuachana. Kama ada yake ni nzito kwa mradi wenu, ulizieni viwanja vitatu vilivyouzwa karibuni mtaa huo huo, chukueni wastani, wote mtie saini.

Mkinyamaza, sheria itawasemea. Ubia Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na pale ambapo wabia hawakuandika lolote, faida na hasara huhesabiwa sawa kwa sawa bila kujali nani alileta nini. Zaidi ya hapo, kila mbia anabeba madeni ya ubia. Mwenzio akikopa saruji dukani kwa jina la mradi, mwenye duka ana haki ya kukufuata wewe pia.

Halafu kuna hati. Jengo hufuata ardhi. Ukijenga kwa milioni 72 kwenye kiwanja chenye jina la mwenzio peke yake, mbele ya Msajili wa Hati nyumba ni yake. Wewe una madai tu, na madai huyaendea mahakamani kwa miaka. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inatambua umiliki wa watu wengi wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao mmoja akifa anayebaki anachukua chote. Huo umekaa kwa ajili ya mume na mke. Wa pili ni wa mafungu: kila mmoja ana fungu lake, analirithisha, analiuza kwa masharti mliyokubaliana. Wabia wanataka wa pili, na mafungu yaandikwe wazi, 25 kwa 100 na 75 kwa 100.

Uhamisho ufanyike kabla ya tofali la kwanza. Una gharama zake: uthamini, kibali cha kuhamisha, ushuru wa stempu, kodi ya faida ya mauzo ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na wakili. Wengi wakiziona wanasema watahamisha nyumba ikishaanza kuleta kodi. Ikishaanza kuleta kodi, thamani imepanda na gharama za kuhamisha zimepanda nayo, na mwenye jina kwenye hati hana haraka tena. Kama kuna sababu ya kweli ya kuchelewa, mwenye hela aandikishe zuio kwa Msajili wa Hati ili kiwanja kisiuzwe wala kuwekwa rehani bila yeye kujua.

Viwanja vingi vya pembezoni havina hati. Vina karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Hapo zuio halisaidii. Kinachofaa ni mkataba mpya wa kuuziana fungu, mbele ya wakili, na majirani wa mipaka yote minne wakiwepo na kutia saini, kisha maombi ya urasimishaji, yaani kupimiwa na kupewa hati, yaende kwa majina mawili. Saini ya mke au mume wa mwenye kiwanja ni lazima iwepo, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinamlinda mwenza. Penye wake wawili, saini ni mbili. Usione haya kuuliza.

Kiwanja chenyewe kikaguliwe kama vile hakuna urafiki. Upekuzi ofisi ya ardhi, ramani ya mipango miji, hifadhi ya barabara, njia ya umeme mkubwa. Waliobomolewa Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara mwaka 2017 wengi walikuwa na karatasi zao mkononi. Na kiwanja kitembelewe masika, kati ya Machi na Mei, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha mabonde ya jiji hili yanakumbuka mto ulipopita hata kama watu wamesahau.

Kuhusu kampuni kwa kifupi: watu wawili na jengo moja la wapangaji sita hawaihitaji. Kuna makaratasi ya BRELA, wakala wa kusajili kampuni, kila mwaka, hesabu za mhasibu, na kodi ya asilimia 30 ya faida. Inaanza kuwa na maana mkiwa watatu au zaidi, au mkipanga jengo la pili, kwa sababu ardhi inabaki kwenye jina la kampuni na kinachohama ni hisa. Mbia aliye Muscat au Minneapolis na ambaye ameshachukua uraia wa huko azungumze na wakili kabla ya kutuma senti. Asiye raia hamilikishwi ardhi kama raia, na jina la mdogo wake kwenye hati linamfanya mdogo wake kuwa mwenye nyumba.

Ujenzi

Anayesimamia alipwe. Asilimia 5 ya gharama za ujenzi ni kiwango kinachosemeka. Kwenye mfano wetu ni milioni 3 na laki 6, itolewe kidogo kidogo kwa hatua na iingie kwenye bajeti kama saruji. Asipolipwa atajilipa: mfuko wa saruji utapanda mia tano kwenye risiti, lori la mchanga litakuwa tripu saba badala ya sita. Ukimuuliza ataapa kwamba hajaiba, na ukihesabu siku alizoshinda pale, hana makosa sana.

Aliye mbali na eneo anaweza kukagua kwa kalamu. Mita moja ya mraba ya ukuta inakula tofali kama 10 za kawaida. Ukuta wa mita za mraba 600, ukishatoa milango na madirisha, ni tofali 6,000, ongeza asilimia 5 za kuvunjika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 za inchi sita, hizo 6,000 ni mifuko 200. Fundi akisema anatoa 45 kwa mfuko usifurahi, utazivunja kwa kidole. Tofali zimwagiwe maji walau siku saba. Zikianikwa juani zikapelekwa ukutani siku ya tatu zitapasuka lipu ikishapigwa, na nyufa hizo zitalipiwa na akiba ya matengenezo miaka yote.

Fundi alipwe kwa hatua: msingi, ukuta hadi lenta, kupaua, lipu, kumalizia. Hela ya ufundi na hela ya vifaa zisipite mkono mmoja. Asilimia 10 ya ujira wa paa ibaki hadi mvua ya kwanza. Risiti ziwe za EFD kila inapowezekana, zipigwe picha siku hiyo hiyo na kuwekwa mahali wote wawili wanapoziona. Wino wa risiti hizo hufutika ndani ya miezi, na siku ya kuuza ndizo zinazoonyesha TRA mlitumia nini, kwa hiyo faida inayotozwa kodi inapungua.

Gharama zitazidi. Huzidi kwenye kumalizia, pale ambapo macho hayaoni maendeleo: nyaya, taizi, madirisha, jipsamu, rangi, karo. Tuseme zimezidi milioni 12 na mwenye hela ndiye aliyezitoa. Kuna njia mbili za kuzihesabu. Ya kwanza, mafungu yabadilike: jumla sasa ni milioni 108, mwenye kiwanja ana 24 juu ya 108, yaani asilimia 22.2, na mwenzake 77.8. Ya pili, ziwe deni la mradi kwa mbia aliyezitoa, lilipwe kutoka kwenye kodi kabla ya mtu yeyote kupata gawio. Ya pili ni bora kwa mbali. Mafungu yaliyo kwenye hati hayaguswi, hakuna kurudi kwa mthamini na msajili, na mwenye kiwanja hajioni akimezwa polepole. Kubalianeni mapema kama deni lina riba, na kwamba halihesabiki bila kibali cha maandishi cha wote kabla hela haijatumika. Ujumbe wa simu wenye kiasi na tarehe unatosha.

Kama kuna shaka yoyote kwamba hela itafika mwisho, jengeni tatu mkamilishe, mpangishe, halafu tatu nyingine. Nyumba tatu zenye wapangaji zinalipa. Pagale la nyumba sita linaozesha mbao na kuotesha nondo kutu huku wabia wakiacha kupigiana simu.

Mambo matatu ya mchoro yanaamua amani ya baadaye. La kwanza, kila mpangaji awe na LUKU yake. Bei nafuu ya umeme wa majumbani, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, ni kwa mteja asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Familia sita kwenye mita moja zinavuka ndani ya wiki, na kila mmoja ananunua kwa bei ya juu inayokaribia mara tatu, hata mwenye taa mbili na redio. Mita ya saba ni ya taa za nje na pampu. Kumbukeni kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mita zikiwa nyingi kwenye jengo moja, taarifa itolewe ili lisikatwe mara saba. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkataba useme mpangaji aliyekatwa anarudishiwa kwenye kodi yake. Ni hela ndogo, lakini hakuna kinachomuudhi mpangaji kama kulipia jengo lisilo lake.

La pili ni maji. Simtanki la lita 5,000 juu ya mnara, na mita ndogo kwa kila nyumba. Bili moja ya DAWASA inayogawanywa kwa vichwa huleta ugomvi kila mwezi: huyu ana watoto wanne, yule anafua nguo za watu, mwingine anadai hakuwepo wiki tatu.

La tatu ni karo. Nyumba sita zina watu 18 hadi 20. Karo la vyumba viwili na shimo la kunyonya, lenye ukubwa uliopigiwa hesabu na mtu anayejua udongo wa hapo, kwa sababu mfinyanzi haunyonyi na masika hujaa ndani ya miezi. Kosa la kawaida ni kulificha nyuma ya jengo kisha kuzungusha ukuta pande zote. Gari la majitaka halifiki, mpira wake hautoshi, na mnaishia kubomoa ukuta. Acheni geti la mita tatu au muweke karo mbele.

Kodi ya miezi sita

Hapa ndipo ubia mwingi wenye nyumba nzuri unapokufa. Wapangaji hulipa miezi sita mbele. Nyumba sita kwa laki na nusu kwa miezi sita ni milioni 5 na laki 4, inaingia ndani ya wiki mbili. Wabia wanagawana. Mwezi wa tatu mpangaji amehamishwa kikazi, mkataba unasema anarudishiwa miezi iliyobaki, mwezi huo huo pampu imeungua, TRA wanadai. Aliyekaa na fungu lake ameshalipia ada za shule. Sasa kila shilingi inatafutwa mfukoni mwa mtu, na anayekuwa nayo siku hiyo ni yule yule kila mara.

Hela ya mwezi ambao haujafika bado ni ya mpangaji. Iingie akaunti ya benki yenye saini mbili, na kila mwisho wa mwezi kiondolewe kile tu ambacho mwezi huo umekizalisha. Wapangaji walipe kwenye akaunti au Lipa Namba ya mradi, kamwe isiwe simu ya mbia mmoja. Msimamizi awe na kiasi kidogo cha dharura, tuseme laki mbili, anachoweza kutumia bila kuuliza na kukirudishia kwa risiti. Daftari liwe na safu chache: nyumba namba ngapi, mpangaji, kodi imeanza lini, inaisha lini, imelipwa kiasi gani, kimeshatumika kiasi gani.

Mpangilio wa kutoa hela uwe mmoja daima. Kodi ya serikali kwanza. Kisha akiba ya matengenezo. Kisha msimamizi. Kisha gharama za pamoja. Kisha deni la mbia kama lipo. Kinachobaki ni gawio. Kwa mfano wetu, mwaka mzima ni milioni 10.8. Toa mwezi mmoja wa kila nyumba kukaa wazi, inabaki 9.9. Kodi ya pango asilimia 10, laki 9 na elfu 90. Akiba asilimia 10, kiasi hicho hicho. Msimamizi asilimia 8, elfu 792. Taa za nje, pampu, karo, usafi na pango la ardhi elfu 60 kwa mwezi, yaani elfu 720. Inabaki shilingi 6,408,000. Mwenye asilimia 25 anapata 133,500 kwa mwezi na mwenye 75 anapata 400,500.

Itazameni hiyo namba kabla ya kuchimba msingi. Ni asilimia 6.7 ya milioni 96. Hati fungani za muda mrefu za Serikali zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka, bila karo wala mpangaji. Nyumba inajitetea kwa kupanda thamani ya ardhi na kwa kodi inayoweza kuongezwa miaka ikienda. Kwa hiyo mbia anayetaka hela ya matumizi ya kila mwezi na mbia anayengojea eneo lichangamke hawatafuti kitu kimoja, na jengo moja haliwezi kuwaridhisha wote wawili. Wa kwanza atataka kodi ipande kila Januari. Wa pili atataka mpangaji mtulivu anayekaa miaka mitano. Hakuna kifungu cha mkataba kinachotibu hilo. Mkilijua mapema, pengine mwenye kiwanja auze tu.

Kuna jambo ambalo sisi Waswahili tunalikwepa: ndugu. Shemeji wa mbia amehamia namba nne, "atalipa akipata kazi". Kanuni iwe kwamba mbia anayemweka ndugu yake, au anayeishi mwenyewe, anadaiwa kodi kamili na inakatwa kwenye gawio lake bila mjadala. Ukarimu ni mzuri ukitoka kwenye fungu la mkarimu.

Mkataba wa kila mpangaji uandikwe na ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwenye mfano wetu ni 18,000 kwa kila nyumba. Mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na siku unayouhitaji ni siku ambayo mpangaji ameshagoma. Kung'oa mlango au kukata maji kunaigeuza kesi iwe yako. Notisi ya maandishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mpangaji akiwa kampuni au ofisi, atakata asilimia 10 ya kodi na kuipeleka TRA mwenyewe. Mdai cheti cha makato hayo na mkitunze, la sivyo mtalipa mara mbili.

Fremu za biashara mbele ya jengo? Zinalipa kuliko vyumba pale ambapo watu wanapita kwa miguu. Pasipo wapita njia zinakaa na kufuli mwaka mzima.

Kutoka

Bei ya kutoka ipangwe mkiwa bado mnacheka pamoja. Miaka mitatu hadi mitano ya kwanza asitoke mtu, kwa sababu fungu la jengo jipya halina mnunuzi. Baada ya hapo, anayetaka kuuza ampe mwenzake nafasi ya kwanza kwa maandishi, siku 60 za kujibu. Bei iamuliwe na mthamini mmoja mliyemtaja, au wawili mkachukua wastani.

Wengine hupenda njia ya kukata na kuchagua: mmoja anataja bei ya jengo zima, mwenzake anachagua kununua fungu au kuuza lake kwa bei hiyo hiyo. Inamlazimisha anayetaja kusema kweli. Ina kasoro moja kubwa. Mwenye hela anaweza kutaja bei ya chini akijua mwenzake hana uwezo wa kununua hata kwa hiyo. Dawa ni kumpa mnunuzi miezi ya kutosha, na kuruhusu malipo kwa awamu kutoka kwenye kodi ya jengo lenyewe. Fungu la asilimia 25 la jengo la milioni 120 ni milioni 30. Gawio lote la mwaka likilipia hilo tu, ni karibu miaka mitano. Hesabu hiyo isipofanywa, ahadi ya "nitakununua" ni maneno.

Kifo nacho kiandikwe. Fungu la marehemu linaingia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi hapatikani kabla mahakama haijamteua. Katika miezi hiyo kodi inaendelea kuingia. Mkataba useme gawio la marehemu linakaa akaunti hadi msimamizi ateuliwe, kwamba warithi watasema kwa mdomo mmoja hata wakiwa tisa, na kwamba mbia aliyebaki ana haki ya kwanza ya kununua kwa bei ya mthamini. Warithi wa Kiislamu watagawana kwa mafungu ya sharia, na asilimia 25 inaweza kuwa vipande saba. Mdomo mmoja ndio unaookoa jengo. Na kila mbia awaonyeshe nyumbani kwake nakala ya mkataba huu akiwa hai.

Hati halisi isikae kwa mbia yeyote. Wakili au benki, itolewe kwa saini mbili. Kifungu kimoja kiseme wazi kuwa hakuna fungu linalowekwa rehani bila kibali cha mwenzake, hata kwa mkopo mdogo wa kuendeshea duka, maana benki ikiuza fungu unajikuta na mbia usiyemchagua.

Siku ya kuachana, mkishatia saini uhamisho, kuna vijikazi ambavyo husahaulika kisha vikarudi na ugomvi. Jina kwenye akaunti ya DAWASA. Majina yaliyosajiliwa kwenye mita saba za LUKU. Saini ya benki. Lipa Namba. Taarifa TRA. Orodha ya kodi zilizolipwa mbele na miezi iliyobaki kwa kila nyumba, kwa sababu anayenunua anawapokea wapangaji na hela yao pamoja. Na barua moja kwa kila mpangaji, yenye saini za wote wawili, inayotaja tarehe ambayo kuanzia hapo kodi italipwa akaunti nyingine, aisaini na abaki na nakala.